Ufa wa Kona ya Mbele

Zamani paa la gari likipata ufa, mwenye gari alitafuta fundi kabla ya kutafuta gari jingine. Siku hizi ufa ukionekana asubuhi, jioni gari limeshapigwa picha na kutangazwa linauzwa, na picha yenyewe imepigwa kwa upande usio na ufa.

Hayo Mzee Msasa aliyasema kila alipopata wa kumsikiliza, na asipompata aliliambia paa lililokuwa mbele yake. Jina la Msasa alipachikwa na jirani yake, fundi wa kuchomelea aliyeitwa Cheche, na hakuna aliyejua kama lilitokana na viganja vyake au ulimi wake, maana vyote viwili vilikwaruza. Kazi yake ilikuwa moja tu: mapaa ya plastiki ya magari ya kulala, yale magari marefu yenye vitanda, jiko dogo na sinki ndani, ambayo watu husafiri nayo kama konokono na nyumba zao. Hakusomea popote. Alijifundisha kwa kununua vitabu vilivyochakaa, kuchoma vipande vya plastiki na kunusa moshi wake, na kuharibu mapaa yaliyokuwa yameshatupwa mpaka akaacha kuyaharibu.

Karakana yake ilikuwa ua wa nyuma wa nyumba, umeezekwa mabati nusu na nusu umeachiwa jua. Ukutani kulikuwa na safu ya misumari, na kila chombo kilikuwa na msumari wake. Keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini, ilikuwa na msumari wa kwanza karibu na mlango. Ukiitundika kwenye msumari wa pili, Mzee Msasa hakusema kitu. Aliichukua na kuirudisha huku akikutazama, nawe ungetamani angesema.

Binti yake ndiye pekee aliyeijua misumari yote. Alikulia pale, akafanya kazi pale, na kwa miaka mingi watu waliokuja na magari waliwakuta wawili hao juu ya paa, baba kichwani na binti mkiani, wakikutana katikati. Kwenye kazi hiyo kuna jambo moja ambalo lisipofanywa, mengine yote ni kujichosha. Ufa wa plastiki haukomi pale jicho linapouona umekoma. Unaendelea mbele kidogo, umejificha, na gari likitikisika barabarani unazidi kutambaa. Kwa hiyo unafuta paa kwa tambara lenye spiriti, kisha unatulia. Spiriti inakauka upesi kwenye plastiki nzima, lakini ndani ya ufa inachelewa, na kwa muda mfupi unaona mstari mwembamba mweusi kama unywele. Mwisho wa unywele huo ndio mwisho wa kweli. Hapo unatoboa tundu dogo kwa keekee, na ufa ukifika tundu unakosa pa kwenda. Ukishatoboa ndipo unapanua, unapiga msasa, unajaza kwa uji mzito wa plastiki ileile iliyoyeyushwa.

Na karakana ile ilikuwa na mwiko wake. Hakuna kutoboa mpaka mtu wa pili ameuona mwisho wa ufa. Aliyeuona aliita, "Njoo uone," na mwenzake aliacha chochote alichokishika, akaja, akainama, wakakubaliana. Mzee Msasa alisema jicho moja hudanganywa na jua. Ukweli ni kwamba alipenda kuitwa. Katika maisha yake watu wengi walimwita kumdai kazi au kumlalamikia, lakini binti yake alimwita aje kuona.

Kisha binti akaolewa na dereva.

Hakuwa mtu mbaya yule dereva, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mzee Msasa. Angekuwa mlevi au mvivu, wivu wake ungepata pa kuegemea. Lakini alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye mikono safi, aliyeendesha malori ya mizigo na kusalimia hata mbwa. Mama yake binti alimpenda siku ile ya kwanza alipobeba ndoo ya maji bila kuambiwa. Alimwita "mwanangu". Mzee Msasa alimwita "Dereva", na aliendelea kumwita hivyo baada ya harusi, kana kwamba alikuwa amemkodi kwa siku moja na siku hiyo ilikuwa inakaribia kwisha.

Basi jioni moja Dereva aliingia uani akiendesha gari la kulala. Lilikuwa kuukuu, la rangi ya maziwa, na pembeni lilikuwa na mkwaruzo mrefu. Binti alikuwa kiti cha mbele, kichwa nje ya dirisha, anacheka.

"Shikamoo, baba," alisema Dereva aliposhuka.

"Marahaba. Gari la nani hili?"

"Letu."

Binti akamalizia habari kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa. Walikuwa wameacha chumba walichopanga. Wangeishi ndani ya gari na kwenda mji kwa mji, yeye akitengeneza mapaa na mabeseni ya kuogea na matangi yaliyopasuka, mumewe akiendesha na kumsaidia. Kazi ilikuwa imepungua pale uani, baba alijua hilo. Mbele huko zilikuwepo kambi za wasafiri ambazo hazikuwa na fundi hata mmoja. Lakini kwanza paa lao wenyewe lilikuwa na nyufa ndogondogo, na wangependa baba awasaidie kabla hawajaondoka.

"Mtarudi lini?" aliuliza mama.

"Tutakuwa tunapita, mama."

Mzee Msasa alichukua ngazi, akaiegemeza, akapanda. Juu alikuta mistari ya ute unaong'aa, umepakwa kila mahali kama kamasi.

"Nani kapaka hii silikoni?"

Dereva akakohoa. "Mimi, baba. Muuzaji aliniambia inaziba kila kitu."

"Imeziba hata akili ya muuzaji. Unajua ukishapaka hii, hakuna kinachoshika tena juu yake? Si gundi, si rangi, si uji wa plastiki. Umelipaka paa mafuta, kisha unaniletea nilishonee kiraka."

"Nilitaka kusaidia."

"Umesaidia. Umeyasaidia maji."

Binti akaangua kicheko, na Mzee Msasa akahisi kifua chake kinapanuka kwa furaha. Halafu akamwona anamgonga mumewe bega na kumwambia, "Na mimi nilikwambia," na Dereva naye akacheka, na kicheko kikawa cha wawili. Kile alichokirusha kama jiwe walikidaka na kukifanya mchezo wao.

Kazi ikaanza. Kukwangua silikoni peke yake kulichosha mikono na magoti. Mzee Msasa alitaka wafanye kama zamani, yeye kichwani na binti mkiani, lakini Dereva naye alipanda, akakaa katikati na kikwangua chake, akauliza maswali. Kwa nini spiriti na si petroli? Kwa nini tundu liwe la duara? Binti alimjibu kila swali, taratibu, kwa maneno yaleyale ya baba yake, hata ule msemo wa jicho kudanganywa na jua. Kusikia maneno yako yakitoka kinywani mwa mwanao ni jambo la heri. Kusikia yanaingia sikioni mwa Dereva ni jambo jingine.

Siku iliyofuata, binti alikuwa amefuta sehemu ya nyuma kwa spiriti. Alitulia, akainama, akasema bila kuinua kichwa:

"Njoo uone."

Mzee Msasa aliweka chini chupa ya uji wa plastiki, akaanza kujivuta kwa magoti. Hakuwa amefika nusu ya paa Dereva alipokuwa ameshalala kifudifudi kando ya mkewe, shavu kwa shavu, akinyoosha kidole. "Pale?" "Mbele zaidi." "Pale." "Hapohapo." Na binti akachukua keekee akatoboa.

Mzee Msasa akabaki amepiga magoti katikati ya paa kama mtu aliyekwenda kuswali akasahau maneno. Kisha akageuka, akarudi kwenye chupa yake.

Cheche aliyaona hayo kutoka upande wa pili wa ukuta, miwani yake myeusi imepandishwa kipajini.

"Mzee Msasa, umeachishwa kazi nini?"

"Chomelea geti lako."

"Geti limekwisha. Nimekaa naangalia sinema."

"Basi angalia kwa mdomo uliofungwa, nzi wasiingie."

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa mepesi kuliko uani. Mama alipomletea chai alimtazama anavyokoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Baba watoto," alisema, "unamwonea wivu mkwe wako kama mke mwenza."

"Nimwonee wivu wa nini? Kuendesha?"

"Sijui. Wewe ndiye unayekoroga."

"Nilitumia nusu ya maisha yangu kumfundisha yule mtoto. Leo anakwenda kuyamwaga yote kwenye masikio ya mtu wa malori."

"Wewe ulitaka ayaweke wapi? Kabatini?"

Mzee Msasa alitoka na kikombe mkononi. Mama alikuwa na desturi ya kusema jambo la kweli na kuondoka kabla hujapata la kumjibu, na leo aliona amwahi kuondoka yeye.

Nyufa zilikwisha moja baada ya moja. Ulibaki ufa wa kona ya mbele, upande wa kushoto, juu ya kile kitanda kidogo kilichoning'inia juu ya viti vya mbele. Ulikuwa mfupi na mwembamba. Mtu asiye fundi angeuita mkwaruzo. Mzee Msasa aliufikia peke yake, mchana, wakati binti na mumewe wamekwenda kununua godoro. Aliufuta kwa spiriti. Unywele mweusi ukajitokeza, ukapita pale jicho lilipouacha, ukakunja kidogo kuelekea katikati ya paa, ukaishia mahali ambapo hakuna ambaye angebahatisha. Alikuwa ameushika mpini wa keekee. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kuita, akakumbuka hakuna wa kumwita.

Hapo ndipo wazo likaja, nalo halikuja kwa kishindo. Lilikaa kando yake kama mtu wa nyumbani. Kama tundu halitatobolewa, ufa utatambaa. Hautatambaa leo wala kesho. Utatambaa wakiwa mbali, baada ya barabara mbovu nyingi, na maji yataingia, na binti atasema, "Twende kwa baba." Watarudi. Dereva ataingia uani kichwa chini na gari linalovuja, na ngazi itaegemezwa tena, na baba atakuwa kichwani na binti mkiani.

Aliangalia kitanda kile kupitia dirisha dogo la paa. Dereva alikuwa amekijaza makoti yake, viatu vyake na sanduku la spana. Basi yatalowa makoti, alijiambia. Makoti hukauka.

Akapanua ufa mpaka pale jicho lilipouona umekoma, asizidi. Akapiga msasa, akajaza uji wa plastiki tabaka kwa tabaka, akasubiri, akalainisha, akang'arisha. Ilikuwa kazi nzuri kwa macho, na alipoimaliza aliitazama kwa kiburi na kinyaa kwa pamoja. Maishani hakuwahi kufanya kazi mbovu iliyopendeza namna ile. Keekee akairudisha kwenye msumari wake bila kuitumia.

Waliporudi na godoro, binti alipanda, akatembeza kiganja juu ya paa lote kama anavyofanya siku zote. Alipofika kona ya mbele kiganja kikasita. Akamtazama baba yake kule chini.

"Na huu umeshamaliza?"

"Nimeshamaliza."

"Haya," alisema binti, akashuka.

Jioni ile mama alipika, wakala wote wanne uani, na Dereva akawa na hamu ya kuonyesha gari lake. Alimshika Mzee Msasa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampandisha kwa mlango wa pembeni. Ndani kulinukia spiriti na mbao mpya. Hapa jiko. Hapa vyombo vya kazi, kila kimoja na msumari wake, maana binti hakukubali viwekwe sandukuni. Hapa kitanda chao, na godoro jipya. Kisha Dereva akainua mkono kuelekea mbele, na Mzee Msasa akaona kitanda kidogo cha juu kimeshatolewa makoti na viatu. Kilikuwa kimetandikwa shuka, na mto mmoja.

"Hiki ni chako, baba," alisema Dereva. "Ukija kututembelea, au tukija kukuchukua. Mwenzangu alitaka tuweke vitu, lakini mimi nikasema hapana, mzee hawezi kuja akalala chini. Nimeongeza ubao wa kuzuia usianguke. Lala ujaribu urefu."

"Nitajaribu siku nyingine."

"Panda tu, baba. Nisije nikawa nimekosea kipimo."

Akapanda. Ubao wa dari ulikuwa karibu na pua yake, na juu ya ubao huo, juu ya mto, juu ya paji la uso wake hasa, ulipita ufa aliouacha. Urefu ulitosha. Dereva alikuwa amempima kwa macho tu, akapatia.

"Unatosha?" aliuliza Dereva kutoka chini.

"Unatosha."

Alishuka. Alitamani mkwe wake awe amekosea hata kidole kimoja, apate cha kulalamikia.

Alfajiri aliamka kabla ya wengine, akatoka kutafuta keekee. Alishaamua. Angepanda, angekata kile alichokijaza, angetoboa tundu mahali pake na kujaza upya; wakiuliza angesema hakuridhika na rangi. Alipofika ukutani, keekee ilikuwepo, lakini mpini wake uliangalia kushoto. Yeye aliutundika ukiangalia kulia, miaka yote, na binti yake vilevile.

Akapanda ngazi.

Kona ya mbele ilikuwa na alama mpya, nukta ndogo kama punje ya dengu, imejazwa na kulainishwa. Haikuwa pale jicho lilipouacha ufa. Ilikuwa mbele, baada ya mkunjo, mahali penyewe. Na kutoka kwenye nukta kurudi nyuma, njia nzima ya ule unywele ilikuwa imepanuliwa na kujazwa. Mzee Msasa akainamisha uso, akatazama mikwaruzo ya msasa kwa mwanga wa pembeni. Yeye na binti yake walipiga msasa kwa kukatisha, mlalo kisha wima. Hii ilikuwa ya duara, duara juu ya duara, kama mtu anavyofuta kioo cha mbele cha lori. Mkono ulikuwa wa Dereva. Lakini mahali, mahali palikuwa pa binti. Usiku, kwa mwanga wa tochi, alikuwa amefuta spiriti, akatulia, akasema, "Njoo uone," na mtu akaja akaona.

Alikaa pale juu mpaka mabati ya Cheche yakaanza kulia kwa joto la jua. Kilichomuuma hakikuwa kukamatwa. Kilichomuuma ni kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Walipokuwa wanapakia, Dereva alimwambia, "Baba, keekee yako nimeirudisha kwenye msumari wake."

"Nimeiona."

Dereva akaenda kumuaga mama, ambaye alikuwa analia na kumfungashia mikate kwa wakati mmoja. Binti akabaki. Alijifanya anakaza bawaba ya mlango isiyolegea.

"Ile kona hukuniita, baba," alisema.

"Hamkuwepo."

"Ungesubiri. Siku zote unasubiri."

Mzee Msasa akaangalia viganja vyake. "Nilisahau."

"Ndivyo nilivyomwambia," alisema binti. "Nikamwambia baba amezeeka, anasahau."

Akamkumbatia haraka, kichwa chake kikanukia spiriti, akapanda kiti cha mbele.

Simu zimekuja tangu siku hiyo, nyingi mwanzoni, chache baadaye. Kazi ipo. Wamevuka mvua za kila aina, na paa halijavuja popote. Kila mara Dereva huomba apewe simu asalimie, na kila mara huuliza, "Baba, tukufuate lini?" Mzee Msasa hujibu kwamba ana kazi nyingi, ilhali uani hamna gari hata moja. Kitanda kile, binti alisema, hakijawekwa kitu.

Siku ile waliyoondoka, kwa kuwa njia ya mbele ya nyumba ni ya mteremko, aliyesimama kizingitini aliweza kuliona gari lote kwa juu lilivyokuwa linashuka. Mama alipunga mkono mpaka akachoka. Cheche alipandisha miwani, akawapigia nyundo kwenye chuma, mara tatu, kama kengele. Mzee Msasa hakupunga. Alikuwa anatafuta ile nukta ya kona ya mbele, na aliiona, nyeupe kuliko paa lote, na chini yake, kupitia dirisha la pembeni, aliona vichwa viwili vimeinamiana, mmoja anaeleza kitu na mwingine anaitikia. Kisha gari likakata kona.